Shilingi Ndani ya Seli: Nani Huamua Sura ya Fedha?

Karani wa SACCOS anahamisha daftari la michango kwenye lahajedwali. Tangu shule ya msingi ameandika fedha kwa namna moja: 5,000/=, 12,500/=, 20,000/=. Anaziandika vivyo hivyo kwenye kompyuta, seli kwa seli, na chini ya safu anaweka fomula ya SUM. Jibu linatoka sifuri. Programu haitoi onyo wala haionyeshi kosa lolote. Michango yote imo mbele ya macho, lakini jumla inadai hakuna kilichoingia.

Kwa Excel, 5,000/= si namba bali ni maneno, sawa na jina la mwanachama lililoko kwenye safu ya jirani, na SUM huyaruka maneno. Kama karani angejumlisha kwa kuandika =B2+B3, programu ingelalamika kwa kosa la #VALUE! na angejua mapema kwamba kuna tatizo. Dalili pekee anayopewa na SUM ni mpangilio wenyewe: maneno huegemea kushoto mwa seli, namba huegemea kulia. Aliyezoea huiona dalili hiyo mara moja. Asiyezoea hurudi kwenye kikokotoo cha mkononi na kuanza kuamini kwamba kompyuta haiaminiki.

Yapo mabaya zaidi ya sifuri. Wazee wetu waliotumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, waliandika shilingi tano na senti hamsini kama 5/50. Desturi ya kutenganisha shilingi na senti kwa mkwaju ilitoka kwa Waingereza, na ndiyo iliyotuachia /= tunayoandika mpaka leo mahali ambapo senti hazipo. Sasa mtu anayenakili daftari la zamani akiandika 5/50 kwenye seli tupu ya Excel, programu inasoma tarehe: Mei 1950. Na kwa kuwa tarehe ndani ya Excel ni hesabu ya siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, seli hiyo sasa ina thamani ya 18,384. Safari hii SUM hairuki kitu. Shilingi tano na nusu imeingia kwenye jumla kama shilingi elfu kumi na nane na ushei.

Tatizo hili halituhusu sisi peke yetu. Wanasayansi wa jeni waliteseka nalo kwa miaka mingi, kwa sababu majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 yaligeuzwa kuwa tarehe kila yalipoingizwa kwenye Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadili majina yenyewe, na jeni hizo sasa zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani sayansi ilibadili msamiati wake ili kukwepa tabia ya programu ya ofisini. Microsoft nayo iliongeza mipangilio ya kuzima baadhi ya mageuzo hayo mwaka 2023.

Kwa hiyo tunaposema lahajedwali iumbize fedha yenyewe, ni lazima tuulize yenyewe kwa maana gani. Kuna mashine inayokisia unapoandika. Kuna mashine inayofuata mipangilio ya nchi iliyowekwa ndani yake, mara nyingi na mtu mwingine. Na kuna mashine inayotekeleza kanuni ambayo wewe umeiamua mara moja, ukaiachia safu nzima. Hoja yangu ni kwamba katika fedha ni aina hii ya tatu tu inayostahili kuaminiwa, na kwamba watumiaji wa Afrika Mashariki wana sababu kubwa kuliko wengi ya kuidai.

Msingi wake ni kutenganisha thamani na sura. Seli huhifadhi 5000 tupu, bila mkato, alama wala /=. Hayo mengine yote ni umbizo, na umbizo hubadili kinachoonekana bila kugusa kinachohesabiwa. Karani wetu alitaka sura, akaiandika ndani ya thamani. Angeandika 5000, kisha akaipa safu nzima umbizo la #,##0"/=", macho yangeona 5,000/= na SUM ingeona elfu tano. Wala asingelazimika kuiacha desturi yake. Desturi hiyo inaingia kwenye kompyuta salama kabisa, mradi ikae kwenye umbizo.

Msimbo huo unaotisha kidogo kwa macho unasomeka kirahisi ukiuzoea. Alama ya # ni nafasi ya tarakimu ikiwapo, 0 ni tarakimu inayoonyeshwa hata kama ni sifuri, mkato unatenga maelfu, na maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu hutokea kama yalivyo. Nukta mkato hugawa msimbo katika sehemu nne: namba chanya, hasi, sifuri, na maneno. Mhasibu anayetaka hasi iwe ndani ya mabano na sifuri iwe kistari anaandika #,##0;(#,##0);"-";@ na kazi imekwisha. Sehemu ya nne ndiyo wengi huiacha, na mimi ningeitumia kama mlinzi: badala ya @ andika "SI NAMBA", na kila seli ambayo mtu ameingiza maneno mahali pa fedha itajitangaza yenyewe. Karani asingefika kwenye sifuri ya mwisho wa safu. Angeliona kosa kwenye seli ya kwanza.

Sasa tuje kwenye mashine inayofuata mipangilio ya nchi. Lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston kwa ajili ya Apple II, na tayari ilikuwa na amri ya kuumbiza fedha. Amri hiyo iliitwa kwa alama ya dola na ilitoa desimali mbili. Leo katika Excel na Google Sheets bado tunabonyeza Ctrl, Shift na 4, kitufe chenye dola, kupata umbizo la fedha lenye desimali mbili. Dhana kwamba fedha ni kitu chenye alama moja na senti mia imo kwenye chombo hiki tangu kilipozaliwa.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu hufika zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani, na mnunuzi hana sababu ya kugusa mipangilio hiyo kwa kuwa kila kitu kinafanya kazi. Mpaka siku anapobonyeza kitufe cha fedha na bajeti ya harusi ya shilingi milioni kumi ikatokea kama dola milioni kumi. Akienda kwenye mipangilio ya Windows akachagua Tanzania au Kenya, kitufe kilekile kitatoa shilingi. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Hawajamaliza, kwa sababu umbizo la fedha la msingi katika Excel huitafuta alama kwenye mashine inayofungua faili. Faili iliyotengenezwa Dar es Salaam ikiwa na alama ya shilingi inaweza kufunguliwa London ikaonyesha pauni, kwa tarakimu zilezile. Hakuna aliyebadili chochote, wala aliyekokotoa kiwango cha ubadilishaji. Google Sheets imejikinga na hili kwa kuhifadhi nchi ndani ya faili yenyewe, hivyo kila anayeifungua anaona kitu kimoja, ingawa nchi iliyowekwa mwanzoni inaweza kuwa bado si yako.

Dawa yake ni kuitaja fedha waziwazi ndani ya umbizo, kwa mabano ya mraba: [$TZS] #,##0. Umbizo la namna hii husafiri na faili na haliulizi mashine ilipo. Na hapa nashauri kwa msisitizo herufi tatu za kiwango cha kimataifa, ISO 4217, badala ya alama za mtaani. Alama ya Sh hutumika Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia. KSh, TSh na USh zinatofautiana kwa herufi moja, na mtu aliyechoka saa tatu usiku akilinganisha ankara za Mombasa na Tanga anaweza kuiruka. KES, TZS na UGX haziachi nafasi hiyo. Vivyo hivyo CDF, RWF na BIF zinatenganisha faranga tatu za majirani ambao hufanya biashara pamoja kila siku.

Biashara hiyo ya kuvuka mipaka ina tatizo jingine linaloumiza kuliko alama. Kompyuta za Lubumbashi, Goma au Bujumbura zilizowekwa kwa Kifaransa hutumia mkato kama alama ya desimali. Mfanyabiashara wa Kigoma akituma faili ya CSV yenye bei ya "1,500", akimaanisha elfu moja na mia tano, mashine ya upande wa pili inaweza kuisoma kama moja na nusu. CSV ni maandishi matupu. Haibebi umbizo lolote, wala haisemi mkato wake una maana gani. Anayetuma data kwa njia hiyo na aondoe kwanza mikato yote ya maelfu, abaki na 1500, na aweke herufi za fedha kwenye safu yake peke yake. Mpokeaji ataivika sura anayoitaka.

Suala la desimali linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndipo desturi ya dola inapotugharimu kila siku bila sisi kuona. Kiwango cha ISO 4217 hakitaji herufi tatu tu. Kinasema pia kila fedha ina desimali ngapi. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zimepewa mbili. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina hata moja. Rial ya Oman ina tatu, kwa kuwa rial moja ni baisa 1,000. Familia yenye ndugu Unguja na Maskati inayoweka hesabu za fedha zinazotumwa nyumbani, ikitumia umbizo la desimali mbili, itaona rial 12.345 ikionekana kama 12.35. Baisa tano zimeongezwa machoni, na jumla ya safu haitalingana na risiti.

Kwa upande wa Tanzania, kiwango kinasema desimali mbili, lakini maisha yanasema mengine. Sarafu zinazozunguka mkononi ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Hakuna anayerudishiwa senti dukani. Kuandika TZS 45,000.00 ni kuongeza tarakimu mbili zisizobeba habari yoyote, na tarakimu hizo zina gharama. Safu hujaa mapema, na Excel ikikosa nafasi huonyesha #### badala ya namba. Jicho linalosoma haraka linaweza kuikosa nukta na kuona milioni nne na nusu. Katika shilingi, ambako bei ya kiwanja cha kawaida ina tarakimu nane, kila tarakimu ya bure ni mzigo.

Na kwenye mizani ya juu kabisa, chombo chenyewe kinashindwa. Excel huhifadhi tarakimu 15 zenye maana, basi. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Iandike yote: 49,350,000,000,000. Hizo ni tarakimu 14. Ukitaka senti mbili, unahitaji 16, na Excel haina uwezo huo. Umbizo litaendelea kukuonyesha .00 kwa utulivu, lakini ukiingiza namba yenye senti kwenye kiwango hicho, tarakimu ya mwisho itapotea. Kwa hesabu za kiasi kikubwa namna hiyo ni busara kuonyesha mamilioni: umbizo #,##0,, lenye mikato miwili mwishoni hugawa sura kwa milioni bila kugusa thamani. Ila kichwa cha safu lazima kiseme "kwa milioni za shilingi", la sivyo msomaji atachukua 850 na kuinukuu kama shilingi mia nane na hamsini.

Kuondoa desimali kwenye sura kunaleta mtego wake. Bidhaa ya shilingi 6,930 inatozwa VAT ya asilimia 18: kodi ni 1,247.4. Ukiwa na bidhaa tatu kama hizo na umbizo lisilo na desimali, utaona 1,247 mara tatu, na jumla ya 3,742. Mteja mwenye kikokotoo atapata 3,741 na kukuuliza shilingi moja imetoka wapi. Lahajedwali haijakosea, imejumlisha 1,247.4 mara tatu ikapata 3,742.2. Tatizo ni kwamba umbizo limeficha sehemu ya namba ambayo bado inahesabiwa. Kama shilingi ndiyo kipimo chako cha mwisho, kadiria kwenye thamani kwa fomula ya ROUND pale kodi inapokokotolewa, ndipo sura na thamani zitasema kitu kimoja. Excel ina pia mpangilio wa kulazimisha thamani ifuate kinachoonekana. Nisingemshauri mtu yeyote kuutumia, kwani hufuta desimali za kitabu kizima moja kwa moja na hakuna njia ya kuzirudisha.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kila safu ina fedha moja. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou hana anasa hiyo: kiwanda kinamtajia bei kwa yuan, malipo yanapita kwa dola, kodi na usafiri wa ndani ni shilingi. Goma na Lubumbashi, dola na faranga hukaa kwenye droo moja. Mtu kama huyo anataka jambo lililo wazi: akiandika USD kwenye safu C, kiasi kilicho safu B kijiumbize kwa dola na desimali mbili. Akiandika TZS, kiwe shilingi bila desimali.

Excel inaweza kufanya hivyo kwa uumbizaji wa masharti. Unachagua safu ya kiasi, unaandika sharti =$C2="USD", kisha kwenye sehemu ya namba unaweka [$USD] #,##0.00, na unarudia kwa kila fedha. LibreOffice Calc nayo inaweza, kwa njia ya mitindo ya seli: unatengeneza mtindo mmoja kwa kila fedha na sharti linachagua mtindo. Google Sheets, ambayo kwa mengine naisifu, ina pengo kubwa hapa. Uumbizaji wake wa masharti hubadili rangi na mwonekano wa herufi tu, haugusi umbizo la namba. Anayeitumia hulazimika kuandika programu fupi ya Apps Script inayoamka kila seli inapohaririwa na kuita setNumberFormat. Si kazi ngumu kwa mwenye ujuzi, lakini ni ukuta kwa mweka hazina wa kikundi.

Wengi hukwepa ukuta huo kwa fomula ya TEXT, wakiunganisha namba na herufi za fedha: =TEXT(B2,"#,##0")&" "&C2. Matokeo yanapendeza. Pia ni maneno, na tumerudi kwa karani na sifuri yake. TEXT inafaa kwenye barua, risiti au sentensi ya taarifa, mahali ambapo namba imefika mwisho wa safari yake na haitajumlishwa tena.

Hata uumbizaji wa masharti uliofanywa vizuri una hatari ambayo naiona kubwa kuliko zote nilizotaja. Safu yenye dola 200 na shilingi 500,000, kila moja imevaa sura yake sahihi, inaonekana imepangwa kwa uangalifu mkubwa. SUM ikipewa safu hiyo itatoa 500,200. Excel inaweza hata kuiazima seli ya jumla umbizo kutoka kwenye seli zinazojumlishwa, na jumla isiyo na maana ikapata alama ya fedha yenye heshima. Umbizo halijui kwamba dola na shilingi hazijumlishiki. Kwa hiyo safu ya herufi tatu haipo kwa ajili ya sura tu, ndiyo inayowezesha SUMIF kujumlisha dola peke yake na shilingi peke yake. Anayetaka jumla moja aongeze safu ya kiwango cha ubadilishaji, safu ya tarehe ya kiwango hicho, na safu ya kiasi kilichokwisha kubadilishwa, na ni hiyo ya mwisho tu ijumlishwe.

Hili limepata uzito mpya Tanzania. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Ofisi zilizozoea kupanga kodi za nyumba, ada na huduma kwa dola zimelazimika kugeuza majedwali yao. Anayechagua safu nzima na kubadili umbizo kutoka dola kwenda shilingi anapata TZS 500 kwa pango lililokuwa dola 500, kwa sababu umbizo halibadilishi thamani, na hilo ndilo jema lake. Anayetumia GOOGLEFINANCE kuvuta kiwango cha siku anapata pango linalopanda na kushuka kila anapofungua faili, jambo ambalo mkataba haukulisema. Kwa pango la mkataba, kiwango kichukuliwe siku moja, kwa mfano kile kinachotangazwa na Benki Kuu, kiandikwe kama namba tupu pamoja na tarehe yake, na matokeo yakadiriwe kwa ROUND.

Tarehe inahusu hata fedha iliyobaki na jina lilelile. Uganda iliondoa sifuri mbili mwaka 1987: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na alama ya USh ikabaki ileile. Zaire mwaka 1993 ilileta zaire mpya kwa milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mtafiti anayeingiza bei za kahawa ya Uganda za mwaka 1986 na 1988 kwenye safu moja yenye umbizo la USh atapata anguko la bei ambalo soko halikuliona. Alama haimsaidii. Herufi tatu zinamsaidia, kwa kuwa kiwango cha ISO kilitoa mpya kila fedha ilipogeuzwa: UGS kabla ya mageuzi ya Uganda na UGX baada yake, na kwa Kongo ZRZ, kisha ZRN, kisha CDF. Safu yake ya C ikisoma UGS kwa mwaka 1986, SUMIF haitachanganya shilingi hizo mbili, na kanuni ya uumbizaji inaweza kuipa kila moja sura yake.